Kagua Theluji na Maji ya Kilimanjaro Kabla ya Kukata Tiketi

Habari zenu watazamaji. Niko nyumbani Mbezi, jasho linanitoka, na wiki ijayo napanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Twende pamoja tuukague mlima kwa simu kabla sijakata tiketi ya basi pale stendi ya Magufuli.

Tunaanza na mvua. Fungua utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, usome Mkoa wa Kilimanjaro. Mvua ya Dar haikuhusu. Joto hupungua kama nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000, hivyo mvua ikilowesha Moshi, kule Uhuru, mita 5,895, huenda inaanguka theluji. Machi hadi Mei, masika, mimi siendi.

Sasa theluji yenyewe. Ingia tovuti ya Copernicus, mpango wa Ulaya wa kuangalia dunia kwa setilaiti, ni bure, ufungue picha za setilaiti ya Sentinel-2. Huu weupe usikudanganye, unaweza kuwa wingu tu. Bonyeza SWIR, mwonekano unaotumia mwanga usioonekana kwa macho. Mmeona? Theluji imegeuka bluu, wingu limebaki jeupe. Rudisha tarehe wiki mbili nyuma ulinganishe. Bluu ikiwa imeteremka, kuna theluji mpya njiani: beba miwani ya jua na vifuniko vya kuzuia theluji isiingie kwenye buti.

Kwenye maji, nawaomba mtulie. Wengi tunadhani mlima ukiwa mweupe, maji ni tele. Sivyo. Maji mengi ya Kilimanjaro yanatokana na mvua inayonyesha ukanda wa msitu, chini kabisa ya ile theluji. Kwa Machame, mahali pa mwisho pa kuchota ni bonde la Karanga. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, haina kijito. Maji yake hupandishwa na wagumu, yaani wapagazi. Watu 4, kila mmoja lita 4, tayari ni kilo 16 juu ya mtu mmoja! Kwa hiyo mpigie kiongozi wako: "Kaka, kundi lililoshuka juzi lilichota wapi? Wagumu wa maji ni wangapi?" Akisitasita, mimi silipi mpaka nijibiwe.

Mwisho, chupa hii. Usiku wa kupanda kileleni ivishe soksi nzito, uigeuze kichwa chini. Maji huanza kugandia juu, kwa hiyo mdomo unabaki wazi. Mrija wa kunyonyea maji ya mfuko wa mgongoni uache. Huo huganda mapema.