Mtondogoo

ZUHURA: Haya, karibuni kwenye kipindi chetu cha Kiingereza. Mimi Zuhura, na mwenzangu leo kanuna, kwa hiyo mtavumilia sauti yangu.

KIBWANA: Sijanuna. Nina msiba wa kazi.

ZUHURA: Marehemu ni nani?

KIBWANA: Tafsiri. Vijitabu vya maelekezo ya mashine za kufulia, kazi ya miezi sita. Kampuni iko Uingereza. Jumapili jioni wakaniandikia: "Let's talk next Friday, 10 a.m. your time", yaani tuongee hiyo "next Friday", saa nne asubuhi kwa saa za kwetu. Nikawajibu "Perfect". Ijumaa hiyo saa nne asubuhi mimi niko gereji, nashikilia tairi la pikipiki fundi azibe pancha. Saa nne na nusu ujumbe unaingia: "Sorry we missed you." Baadaye kidogo wakaandika wameshampata mwingine.

ZUHURA: Wewe ulikuwa unaisubiri ya wiki ya pili yake.

KIBWANA: Niliisubiri waliyoiandika! Hata shati nilikuwa sijalipeleka kwa dobi.

ZUHURA: Wasikilizaji, leo nilikuwa na masomo matatu. La kwanza ni hilo hilo la "next" na "this". La pili ni "by" na "until", maana kuna mtu ananiandikia "I will finish it until Monday" badala ya "by Monday", na mtu huyo yumo humu studio. La tatu "bring forward". Mwingereza akisema mkutano umekuwa "brought forward", kimbia, umewahishwa. Sisi tukisogeza mkutano mbele, tumeahirisha. Haya, tuanze na msiba. "Next" ni kinachofuata, basi. Uko kwenye mwendokasi, unaambiwa "next stop Magomeni". Utashuka Magomeni, au utakaa mpaka kituo cha pili yake?

KIBWANA: Basi halina "this stop", lakini wiki ina "this Friday". Kama alitaka inayokuja, si angesema "this"? Au "on Friday" tu? Mtu haongezi neno bure.

ZUHURA: Na mimi nakurudishia hiyo hiyo. Kama alitaka ya pili, Waingereza wana "Friday week". Wana "a week on Friday". Mbona hakusema?

KIBWANA: "Friday week" ndiyo nini? Siku mbili zimegongana?

ZUHURA: Ni Ijumaa ya wiki moja baada ya hii inayokuja. Nimefundisha miaka tisa, Kibwana.

KIBWANA: Ulifundisha wangapi wakaielewa? [wanacheka] Dada Zuhura, hawa watu ni maskini wa siku. Baada ya "tomorrow" wameishiwa, wanaanza kusimulia: "the day after tomorrow". Sisi tuna kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Siku nne, kila moja na jina lake.

ZUHURA: La kesho kutwa walikuwa nalo. "Overmorrow". Limo kwenye Biblia ya Kiingereza ya Coverdale ya mwaka 1535. Wakaliacha likafa.

KIBWANA: Limekufa lini, tukahani?

ZUHURA: Nitakwenda mtondogoo.

KIBWANA: Ngoja kwanza, hesabu. Leo Jumatatu. Kesho Jumanne, kesho kutwa Jumatano, mtondo Alhamisi, mtondogoo...

ZUHURA: Ijumaa.

KIBWANA: Ijumaa! Barua ingeandikwa Jumatatu na mtu wa Pemba, ningekuwa na kazi sasa hivi. "Tuongee mtondogoo saa nne." Nani atakosea hapo?

ZUHURA: Nusu ya Dar. Mwenye nyumba wako ukimwambia kodi ni mtondogoo, atadhani ni jina la benki.

KIBWANA: Ndiyo uzuri wake! Nitamlipa mtondogoo mpaka mwaka uishe.

ZUHURA: Turudi. Barua iliingia Jumapili.

KIBWANA: Jumapili jioni.

ZUHURA: Hapo ndipo unapolala. Kwa Mwingereza wa ofisini wiki inaanza Jumatatu, kwa hiyo Jumapili ndiyo mkia. Ijumaa inayokuja tayari iko wiki nyingine. Ukichukua "next" ya kwangu au ya kwako, kwa kalenda yake jibu ni moja.

KIBWANA: Kwa kalenda yake! Mimi wiki yangu inaanza Jumamosi, imejiandika yenyewe: Juma-mosi, Juma-pili, Juma-tatu. Jumapili jioni mimi niko siku ya pili ya wiki. Ijumaa inayokuja ni ya wiki hii hii, ndiyo inayoifunga. "Next" ni ile ya baadaye.

ZUHURA: Unasoma Kiingereza kwa kalenda ya bibi yako.

KIBWANA: Bibi yangu hakuwahi kukosa miadi. Na usimguse, ndiye aliyenifundisha kwamba wiki yetu ina tano mbili. Jumatano ni ya tano ukihesabu toka Jumamosi. Alhamisi nayo ni ya tano, ila ni kwa hesabu ya Waarabu, toka Jumapili. Tumezipanga jirani na wala hazigombani.

ZUHURA: Zingekuwa kwenye mkataba zingegombana. Ukiandikiana na mtu kwa lugha yake, unahesabu kama yeye.

KIBWANA: Kwa nini? Yeye kaandika "your time". Saa kanipa yangu, wiki akabaki nayo?

ZUHURA: [kimya] Hiyo... hapana. Saa ni saa, wiki ni wiki.

KIBWANA: Umesita! Mmesikia?

ZUHURA: Nimemeza mate. Ungeuliza tarehe, Kibwana. Neno moja tu, "Which date?"

KIBWANA: Na yeye angeandika tarehe. Anayeita mkutano ndiye anayetaja siku ikaeleweka. Harusi ukialikwa, unampigia bwana harusi kumuuliza Jumamosi ipi?

ZUHURA: Harusi haina mtu wa pili anayesubiri nafasi yako.

KIBWANA: Huijui mitaa yetu.

ZUHURA: [anacheka] Sikubali. Mwanafunzi wangu akiandika ulivyoelewa wewe, nampa alama ya kosa.

KIBWANA: Na mimi narudi kesho na mzazi.

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili! Na "by" na "until" hatujaigusa.

KIBWANA: "We will finish it until mtondogoo."

ZUHURA: Unaniumiza makusudi. Basi, "bring forward" nayo tuisogeze mbele.

KIBWANA: Mbele ya kwetu au ya kwao?

ZUHURA: Ya kwetu! Ya kwao tungekuwa tumeshaimaliza wiki iliyopita.

KIBWANA: Wiki iliyopita inayoishia lini?

ZUHURA: Zima hiyo maiki.