Doa Pembeni mwa Alama

Kabla sijapanda hapa, mama mmoja amenishika mkono pale mlangoni: "Mwalimu, mwanangu akiomba muda wa ziada kwenye MCAT, vyuo si vitamwona mzito?" Nikamwambia asubiri, jibu lake ni refu.

MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari Marekani, ni maswali 230. Ukijumlisha na mapumziko, mtahiniwa anashinda pale kama saa saba na nusu. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, anasoma aya moja mara tatu; somo analijua, ila saa inamkimbia. Ndiyo maana anaongezewa muda. Zamani, aliyeongezewa muda, alama zake zilikwenda vyuoni na maelezo kwamba hakufanya mtihani katika hali ya kawaida. Msomaji wa faili hakuambiwa ana nini, lakini alishajua ana "jambo".

Aliyelivalia njuga suala hili hata udaktari hakuusomea. Mark Breimhorst hana mikono. Alifanya GMAT, mtihani wa shule za biashara, akipewa kifaa chenye kimpira cha kuviringisha badala ya kipanya, na robo ya muda juu. Alama zikaja zimeandikwa kuwa zimepatikana katika hali maalumu. Alifungua kesi mwaka 1999. Mwaka 2001 wenye mtihani wakakubali kuacha. LSAT, wa wanasheria, wakaacha mwaka 2014, tena kwa kusukumwa na serikali. Siku hizi MCAT nayo haitii doa.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 2015 jarida la udaktari la JAMA lilitoa utafiti: waombaji walioongezewa muda walikubaliwa vyuoni asilimia 43.9, wengine 44.5. Haya, tofauti iko wapi? Mlango haukufungwa. Kinachoniuma ni cha ndani: mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari, walioongezewa walifaulu kwa mkupuo wa kwanza asilimia 82.1, wenzao 94.

Wapo wanaosema basi, zile alama zilikuwa za kubebwa. Mimi nauliza: walipoingia darasani, nani aliwaongezea muda?

Kwa hiyo mama, mwanao aombe, tena mapema, maana vyeti vya daktari wake vitakaguliwa kwa wiki nyingi. Na akishakubaliwa, kabla hujalipa hata senti ya ada, awaulize: mtihani wa anatomia nao mnaongeza muda?