Anzeni na Pawasaplai

Habari za mchana, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliofunga vibanda vyenu vya uchapaji vya Nasser Road, hapa Kampala, saa za kazi. Najua mteja akikuta mlango umefungwa huenda kwa jirani.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuziongezea nguvu kompyuta za mezani zilizokuja zimeshaundwa kiwandani: kubadilisha kadi ya grafiki inayochora picha za kwenye kioo, prosesa ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani yake. Watu wengi huvitaja hivyo hivyo, kadi mbele, pawasaplai mkiani. Leo naomba tuugeuze mpangilio huo. Kabla hujatoa shilingi moja ya kadi, fungua ubavu wa kompyuta, usome kibandiko cha pawasaplai, ndipo uanze kuota.

Hii hapa mezani ni Dell OptiPlex 9020, ile ya kusimama. Kibandiko chake kinasema wati 290. Haya, tuhesabu pamoja. Prosesa iliyomo, i5-4570, imekadiriwa wati 84. Ubao mama unaobeba vipande vyote, RAM yaani kumbukumbu ya muda, diski na feni tuvipe 50. Hiyo ni 134, zimebaki 156. Lakini msizile zote. Pawasaplai iliyofanya kazi miaka kumi imechoka, na kadi ya grafiki ina tabia ya kudai umeme mwingi kwa ghafla, kwa nukta moja, kisha ikatulia. Kadi ya wati 75 itaishi humu kwa amani. Ya wati 170 haitaishi.

Nimesema 75 kwa sababu tundu lenyewe la kadi, yaani PCI Express, halitoi zaidi ya wati 75. Kadi ikitaka zaidi, inadai waya wake moja kwa moja kutoka pawasaplai: plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. Sogeeni mtazame humu ndani. Waya wa namna hiyo haumo hata mmoja. Kiwanda hakikusahau. Mashine hii ilitengenezewa karani, haikutengenezewa mchoraji wa mabango.

Jambo hili nililijua kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita mchoraji mmoja aliniletea kompyuta ya ofisi kama hii. Ndugu yake alikuwa amemletea kutoka Dubai kadi ya wati 170, mpya kabisa, bado imo kwenye nailoni yake. Waya wa pini 8 haukuwepo, nikanunua kigeuzi kinachochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski. Kompyuta ikawaka, mteja akafurahi, nikalipwa. Siku ya tatu akawa anatengeneza video ya harusi, kazi ya usiku kucha, akanipigia simu kuwa chumba kinanuka plastiki. Nilipofungua, plagi iliyokuwa nyeupe imekuwa kahawia, imelainika na kugandana na pini zake. Kadi ilipona. Diski iliyokuwa kwenye waya huo huo ilikufa, na video za harusi ya watu zilikuwa ndani yake.

Baadaye ndipo nilipokaa kuhesabu. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja inavumilia ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Kadi ilikuwa ikivuta karibu wati 100 hapo. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Diski niliilipa, harusi ya watu sikuwa na namna ya kuilipa. Kwa hiyo nawasihi: kigeuzi cha SATA kwenda kwenye kadi ya grafiki, msikiguse.

Mtaniambia, basi si tununue pawasaplai kubwa? Sawa, lakini hapo ndipo kompyuta za kiwandani zinapotega. Pawasaplai ya kawaida ya dukani huingia kwenye ubao kwa plagi ya pini 24. Hesabuni pini za ubao huu: nane. Hata diski zinapata umeme kutoka kwenye ubao, si kwenye pawasaplai. HP EliteDesk 800 G1, ya kizazi hicho hicho, ina pini sita. Lakini OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, dada mkubwa wa hii, ina pini 24 kama kawaida. Kwa hiyo jina la kampuni halikuambii kitu, ni lazima ufungue. Vigeuzi vya 24 kwenda 8 vipo na vinafanya kazi. Chagua chenye waya mnene, na upime kwanza kama pawasaplai mpya itaenea na matundu ya skrubu yataoana. Kwenye zile kompyuta nyembamba za kulala, mara nyingi haienei.

Ukinunua, usidanganywe na namba kubwa ya kibandiko. Tafuta mstari wa volti 12. Nimeshika moja imeandikwa wati 500, lakini volti 12 yake ni ampea 18. Zidisha: 216. Kadi na prosesa zinakula volti 12, kwa hiyo hizo 216 ndizo zako. Tena tazama nyuma kama kuna swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Umeme wetu Uganda ni volti 240. Pawasaplai iliyokuja na swichi iko 115, ukiichomeka ukutani inapasuka papo hapo. Iangalie hata kama muuzaji amekuapia.

Sasa kadi. Kwa mashine hii mimi ningetafuta GTX 1050 Ti au GTX 1650 isiyo na tundu la waya juu yake, maana 1650 zipo za aina zote mbili. Mwenye uwezo zaidi kuna RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, wati 70. Kwenye kompyuta nyembamba utahitaji kadi fupi ya kimo. Nyingi za sokoni ni za mitumba, na baadhi zilichimbiwa sarafu za kidijitali hadi Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoacha uchimbaji huo Septemba 2022. Mimi sizikatai, nazisafisha feni na kuzijaribu kwa saa nzima. Ninazozikataa ni za kughushi: kadi ya zamani iliyoandikwa upya ijitaje 1050 Ti. Nenda dukani na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Ikiigundua, huandika neno FAKE mbele ya jina, na muuzaji analiona pamoja nawe.

Prosesa nitaipitia haraka. Soketi, yaani tundu la prosesa, ya hapa ni LGA 1150, kwa hiyo i7-4790 inaingia: wati 84 zile zile, lakini nyuzi nane za kazi, yaani kazi nane kwa wakati mmoja, badala ya nne. Sasisha kwanza bayosi, ile programu ya ubao inayowasha kompyuta. Pini ziko kwenye soketi, nyembamba kama unywele; ukiangusha prosesa juu yake umenunua ubao. Pasta ya joto, ile ya kupaka kati ya prosesa na kipoozeo chake, kiasi cha punje ya mchele. Ila niseme wazi: Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane. Hii ni ya nne. Nisingemwaga pesa nyingi kwenye prosesa yake. Ningeweka SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, na RAM.

Dada pale mbele, uliza. ... Anasema ameweka kadi, feni zinazunguka, kioo ni cheusi. Kioo chako ni cha VGA, ile plagi ya zamani ya kioo? Nilifikiri hivyo. GTX 1050 Ti haina VGA kabisa, na wewe umeacha waya kwenye tundu la zamani la ubao. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, chomeka kwenye kadi yenyewe, si kwenye ubao. Nina kimoja hapa mkobani. Lete mashine yako, tuijaribu sasa hivi.