Risiti Haina Wino

KASSIM: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunaongelea kale kamashine kanakotoa risiti dukani. Dada Rehema, wewe ni fundi wake. Wino wake unakaa wapi?

REHEMA: Haukai popote, haupo. Kinachoandika ni joto, na rangi iko kwenye karatasi yenyewe.

KASSIM: Ile nyeupe?

REHEMA: Ile ile. Upande mmoja umepakwa rangi isiyoonekana pamoja na kemikali yenye asidi. Zikipata joto zinayeyuka, zinachanganyika, pale pale panakuwa peusi. Ndani ya mashine kuna kichwa cha kuchapia chenye mstari wa vinukta vya kupasha joto, vinane kwa kila milimita. Karatasi inapita, kufumba na kufumbua vinukta vimeshawaka na kuzima. Rola ndogo ya milimita 58 huchapwa milimita 48 tu, kwa hiyo ni vinukta 384 kwa mstari. Ndiyo maana nembo za maduka zinatoka na vijimeno.

KASSIM: Na rola ikiwekwa kinyume?

REHEMA: Weee, hiyo ndiyo kesi yangu kubwa! Mangi mwenye duka anapiga simu: "Fundi, mashine imekufa, inatoa karatasi tupu." Nafika, rola imegeuzwa. Kwaruza karatasi haraka kwa ukucha. Upande unaotoa mstari mweusi ndio wa kutazama kichwa. Msuguano tu unatosha.

KASSIM: Sasa tangu TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, walete EFD, yaani mashine za risiti za kodi, mwaka 2010 tunaimbiwa "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti". Nimedai, nimetunza, baada ya miezi naikuta nyeupe pee.

REHEMA: Ulitunza wapi?

KASSIM: Kwenye gari, ndani ya mfuko wa plastiki.

REHEMA: Umejimaliza mwenyewe, kaka. Jua linaififisha, mafuta ya mikono nayo vilevile, na plastiki laini ndiyo mbaya zaidi. Kilainishi chake kinahamia kwenye karatasi na kuyala maandishi. Halafu sheria ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5! Kwangu hicho ni kichekesho. Ipige picha siku hiyo hiyo, au itoe kopi.

KASSIM: Si bora niilamineti?

REHEMA: Thubutu! Waulize akina mama waliopeleka picha ya ultrasound ya mtoto steshenari. Inaingia kwenye mashine ya moto, inatoka nyeusi tii. Nayo kwa kawaida ni karatasi ya joto.

KASSIM: Kumbe na hospitali zipo?

REHEMA: Hata mashine nyingi za ECG, za kupima moyo, zinachora hivyo hivyo. Hazina kelele, hazina wino wa kukauka, nyingine zinaendeshwa na betri. Tiketi za basi, lebo za mizigo uwanja wa ndege, bei ya nyama supamaketi, yote hayo. Lebo inayotakiwa kudumu hutumia printa yenye utepe wa nta au resini. Hapo joto linayeyusha utepe, rangi inahamia kwenye lebo.

KASSIM: Na hizo kemikali, keshia anayezishika kutwa?

REHEMA: Karatasi nyingi zilikuwa na BPA, inayovuruga homoni. Umoja wa Ulaya uliibana kwenye karatasi hizi tangu Januari 2020, isifike asilimia 0.02 ya uzito. Wengine wakahamia BPS, ambayo ni ndugu yake, kwa hiyo mimi sijashangilia. Keshia anawe mikono kabla ya kula, na mwenye duka akinunua rola aulize zisizo na zote mbili. Zipo.