Kombora Moja, Mpagazi Mmoja: Risasi za Mizinga ya Wajerumani Afrika Mashariki, 1914–1918

Wazee wangu, kina mama, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojaa huku nyuma, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie mizinga ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza hapa kwetu. Kwa ridhaa yenu, mizinga yenyewe nitaigusa kidogo, muda mwingi nitautumia kwa kile kilichokuwa kikiingia ndani ya mtutu. Mzinga usio na risasi zake ni bomba la chuma. Mimi naamini vita ile, tukiitazama kwa kuhesabu makombora, tutaielewa vizuri kuliko tukihesabu mizinga au majina ya majenerali.

Tuanze baharini. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilifika Dar es Salaam Juni 1914, nahodha wake akiwa Max Looff. Ilibeba mizinga 10 ya kipenyo cha sentimita 10.5. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, iliishambulia manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo yake. Pegasus nayo haikuwa mikono mitupu, ilikuwa na mizinga 8 ya inchi 4, yaani milimita 101.6. Linganisha na milimita 105 za Mjerumani: tofauti haifiki hata milimita 4. Lakini makombora ya Pegasus yalianguka majini kabla ya kufika, na ya Königsberg yalifika, na meli ile ikazama.

Sababu ziko zaidi ya moja, ila moja naomba muishike. Kombora la Pegasus lilikuwa na uzito wa ratili 25, yaani kilo 11 na kidogo. La Königsberg lilikuwa na kilo 17 hivi. Unene ni karibu sawa, uzito umezidi kwa nusu. Kombora jembamba na zito hupasua hewa na kuishikilia kasi yake, ilhali lile jepesi la unene uleule hewa hulichosha mapema. Kombora la Mjerumani lilitoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 690 kwa sekunde na liliweza kufika umbali wa kilomita 12. Kwa hiyo mtu akikutajia kipenyo cha mzinga peke yake, hajakuambia mengi.

Baada ya Zanzibar, Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliizingira kwa miezi, na mwishowe wakaleta meli mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoweza kuingia mtoni, pamoja na ndege za kuangalia makombora yanaangukia wapi. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915, zikarudi tarehe 11. Siku hiyo Looff aliamuru meli yake ilipuliwe na mabaharia wake wenyewe. Kwa habari nyingi za vita, hadithi ingeishia hapo. Kwa habari ya mizinga, ndipo inapoanza. Mizinga yote 10 ilitolewa kwenye mabaki ya meli. Vifungio vya nyuma ya mitutu, ambavyo vilikuwa vimetupwa majini, vilitafutwa vikapatikana. Yote yakapelekwa Dar es Salaam, na mafundi wakaitengenezea magurudumu na vitako vya kutembelea nchi kavu. Risasi nazo zikaokolewa.

Sasa nataka tuifungue risasi moja tuone ndani, maana hapa ndipo penye elimu.

Risasi ya mzinga huu ilikuwa kitu kimoja kizima. Mbele kuna kombora la chuma lililojazwa baruti kali ya kupasuka. Nyuma kuna ganda la shaba lenye baruti ya kusukuma, na kwenye kitako cha ganda kuna fataki ya kuwashia baruti hiyo. Kombora limekazwa kwenye mdomo wa ganda, na mpigaji anavitia vyote mtutuni kwa mkupuo mmoja. Karibu na kitako cha kombora kuna mkanda wa shaba nyekundu. Mkanda huo ni laini kuliko chuma cha mtutu, kwa hiyo kombora likisukumwa, mkanda unajibana ndani ya mifereji iliyochongwa kwa kujizungusha mtutuni, unaziba moshi usivuje mbele, na unalilazimisha kombora lizunguke kama pia. Lisipozunguka litapinduka hewani na kuanguka popote.

Ganda la shaba lilikuwa na maana kubwa kwa Wajerumani. Krupp, kiwanda chao cha mizinga, kilipendelea kufunga nyuma ya mtutu kwa kipande cha chuma kinachoteleza kwa ubavu. Kifungio hicho ni imara na chepesi kutumia, lakini chenyewe hakizibi moshi. Kinachoziba ni ganda: baruti ikiwaka, shaba inatanuka na kubana ukuta wa mtutu, presha ikishuka inalegea na ganda linatolewa. Ndiyo maana hata mizinga yao mikubwa kabisa ilitumia maganda ya chuma au shaba, wakati Waingereza kwa mizinga yao mikubwa walitia baruti kwenye mifuko ya kitambaa. Mfuko ni nafuu na mwepesi. Ganda ni ghali, linakula shaba nyingi. Lakini fikirini Rufiji, ndugu zangu: tope, mvua, maji ya chumvi yanayopanda na kushuka. Mfuko wa kitambaa ungekuwa uji. Ganda lililofungwa mdomo na kombora lilikuwa na matumaini.

Nasema matumaini, kwa sababu maji hupenya polepole, na baruti isiyotoa moshi ina maadui wawili, unyevu na joto. Unyevu unaidhoofisha, kombora linatoka na kasi pungufu na kuangukia karibu. Joto linaifanya iwake upesi zaidi, kombora linapita shabaha. Majedwali ya masafa, ambayo mpigaji huyatazama ili ajue ainue mtutu kiasi gani, yalikokotolewa kwa baruti ya joto la kawaida la Ulaya, iliyotunzwa ghalani. Huku ilishinda juani, ikalala kwenye umande. Mpigaji mzuri alilazimika kujifunza upya kwa kutazama.

Kulikuwa na tatizo la pili, na hili halikusababishwa na hali ya hewa. Makombora ya manowari mengine yaliundwa ili yatoboe ubavu wa meli kwanza, ndipo yapasuke ndani. Fyuzi, yaani kifaa kinacholipasua kombora, kwa kombora la namna hiyo huwekwa kitakoni na huchelewa kidogo. Likiangukia chuma, ni maangamizi. Likiangukia udongo laini wa mbugani, linazama, linapasuka chini, na ardhi inameza nguvu yake. Kwa kupiga askari waliotawanyika, unataka fyuzi ya puani inayowaka papo hapo kombora linapogusa nyasi, au fyuzi ya saa inayolipasua hewani juu ya vichwa vyao.

Kabla ya mizinga ya Königsberg, jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa kwetu, lilikuwa na mizinga michache ya kizamani ya mwaka 1873, iliyotumia baruti nyeusi. Baruti nyeusi hutoa wingu la moshi mweupe, na katika vita vya porini wingu hilo ni sawa na kumwonyesha adui kidole ulipo. Bunduki nyingi za askari wake, za mwaka 1871, zilikuwa na ila hiyohiyo. Sasa mtaelewa kwa nini risasi za kisasa zilitamaniwa kama dhahabu.

Ujerumani ilijaribu kuzileta. Meli Rubens, iliyojifanya ni ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, ikifukuzwa na manowari Hyacinth. Nahodha Carl Christiansen aliizamisha kwenye maji mafupi na kuwasha moto sitahani. Waingereza wakaona moshi, wakadhani kazi imekwisha. Kumbe shehena ilikuwa chini ya maji tu, na wapiga mbizi waliitoa. Risasi za bunduki zilizolowa zilifunguliwa mojamoja, baruti ikakaushwa, zikafungwa tena. Nyingi ziligoma kulia vitani hata baada ya kazi hiyo. Mimi naiheshimu sana kazi ya watu wale waliokaa vibandani siku baada ya siku wakisafisha baruti kwa mikono, ambao majina yao hayakuandikwa.

Mwaka uliofuata, Machi 1916, meli Marie ilifika ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi. Ilileta hawitza 4 za sentimita 10.5, mizinga 2 ya mlimani ya sentimita 7.5, na risasi zake. Hapa ndipo wengi wanaosoma historia hii wanapojikwaa. Wanaona sentimita 10.5 kwa Königsberg, sentimita 10.5 kwa hawitza, wanadhani risasi ni zilezile. La hasha. Hawitza ilikuwa na mtutu mfupi. Kombora lake la kilo 15 na ushei lilitoka kwa kasi ya mita 300 tu kwa sekunde na kufika kilomita 6 hivi. Baruti yake iligawanywa katika sehemu, mpigaji akipunguza au kuongeza kabla ya kupiga, ili kombora lipande juu na kuangukia nyuma ya kilima. Risasi ya Königsberg ilikuwa na baruti ya kiasi kimoja, ndefu, yenye nguvu, kwa mtutu wa zaidi ya mita 4. Ukichukua risasi ya mmoja huwezi kumlisha mwenzake. Kwa hiyo ofisa wa ghala la risasi alikuwa na mizinga ya kipenyo kimoja na akiba mbili zisizosaidiana, na akiba zote mbili hazikuwa na nyongeza. Baada ya Marie hakuna meli nyingine iliyofika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Risasi kamili ya Königsberg, kombora na ganda na baruti, ilizidi kilo 20. Mzigo wa mpagazi siku zile ulikuwa kati ya kilo 25 na 30. Pigeni hesabu wenyewe. Palipokuwa na reli, Kahe kwa mfano, au Kigoma ambako mzinga mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen, hii mnayoijua leo kwa jina la Liemba, risasi zilisafiri kwa gari moshi. Reli ilipokwisha, kila risasi ilikuwa kichwa cha mtu. Mpigaji hodari angeweza kufyatua risasi kadhaa kwa dakika moja. Dakika hiyo moja ni safari ya majuma ya kundi zima la watu, waliovuka mito, waliougua kuhara na malaria, waliohitaji kula, na chakula chao nacho kilibebwa na wapagazi wengine au kilinyang'anywa vijijini. Mizinga yenyewe ilivutwa kwa kamba na mamia ya watu. Kondoa Irangi, Mei 1916, askari wa Afrika Kusini walistaajabu kupigwa na mizinga ya manowari mamia ya kilomita kutoka baharini. Mimi sistaajabii mzinga. Nawastaajabia walioufikisha pale.

Ndiyo maana mizinga ile iliachwa mmoja baada ya mwingine. Jeshi linalorudi nyuma porini haliwezi kubeba kila kitu. Mzinga uliokwishiwa na risasi ulilipuliwa mtutu, na watu wake wakapewa mizigo mingine. Baada ya mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, enzi ya mizinga ya Königsberg ilikuwa imekwisha. Mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, karibu na mzinga wa Pegasus, na mwingine uko Pretoria. Mkipita Mombasa simameni kati ya miwili ile, mtazame midomo yake: hiyo ndiyo tofauti ya milimita 3 na ushei niliyowatajia.

Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, na tangu hapo aliishi kwa risasi za kuteka. Aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi mzinga mmoja. Ulikuwa wa Kireno, na risasi zake zilikuwa 40.