Korongo Aangalie Wapi?

MUSA: Karibuni tena. Zubeda, habari za Entebbe?

ZUBEDA: Njema, kaka. Mvua imetushika tangu alfajiri, ziwa halionekani. Naona umekuja na bahasha.

MUSA: Bahasha nitaifungua. Kwanza niwaambie wasikilizaji mpango wa leo, maana wameulizia sana tangu tuongee juu ya ile modeli yangu ya plastiki ya ndege ya Boeing 707 ikiwa bado vipande. Nina mambo matatu: madirisha, mistari ya viungo, na injini.

ZUBEDA: Ile ya kipimo cha 1:72, iliyomeza meza yenu ya chakula.

MUSA: Ndiyo hiyo. 707-320C halisi ina urefu wa mita 46.6. Ukigawanya kwa 72 unapata karibu sentimita 65, na kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni kama 62. Meza imekwisha. Watoto wanakulia mkekani.

ZUBEDA: Mama watoto mpe pole zangu. Haya, fungua bahasha.

MUSA: Alhamisi nilikuwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji kule Kampala, kuchapisha stika za maji, zile unazoloweka zikateleza juu ya modeli. Ndani ya boksi kulikuwa na stika za shirika la Ulaya, na mimi nataka ndege ya Uganda Airlines ile ya kwanza, iliyoundwa 1976 East African Airways ikielekea kufa. Basi nimekaa na kijana wa kompyuta, tumepanga herufi, tumepanga namba ya usajili inayoanza na 5X, tukafika kwenye bendera ya Uganda, yenye yule ndege korongo katikati. Akaniuliza, "Mzee, upande wa kulia korongo aangalie wapi?"

ZUBEDA: Eh! Huyo kijana ana akili.

MUSA: Ana akili sana. Nikamwambia ngoja kwanza, hili nakwenda kuliongea na Zubeda. Kwa hiyo bahasha hii ina bendera za aina mbili. Angalia.

ZUBEDA: Hii korongo anatazama kushoto. Na hii anatazama kulia. Musa, hili mbona lina jibu? Korongo kwenye bendera yetu anautazama mlingoti. Tangu tarehe 9 Oktoba 1962 ndivyo alivyo.

MUSA: Mlingoti naujua. Ndege ina mlingoti?

ZUBEDA: Chukulia bendera imefungwa kwenye mlingoti na mtu anakimbia nao. Upepo unaipeleka nyuma, mlingoti uko mbele. Ndege nayo inakwenda mbele, kwa hiyo upande wa mlingoti ni upande wa pua. Ubavu wa kushoto, pua iko kushoto, bendera inakaa kama ilivyo vitabuni. Ubavu wa kulia, pua iko kulia, kwa hiyo bendera inageuzwa na korongo anageuka nayo. Pande zote mbili anatazama anakokwenda rubani.

MUSA: Na ukibandika ile ya vitabuni pande zote mbili?

ZUBEDA: Basi upande wa kulia korongo anatazama mkia. Ndege inakwenda London, yeye anarudi Kigungu, hapa hapa kando ya Entebbe.

MUSA: Na ule mguu wake aliouinua! Tulifundishwa shuleni kwamba ule mguu ni nchi inasonga mbele. Sasa awe anasonga kuelekea chooni, kule nyuma kabisa?

ZUBEDA: Ndiyo maana nasema hili si dogo. Mtu ataona rangi nyeusi, njano, nyekundu, atasema bendera ipo. Lakini Mganda yeyote akisogeza jicho atamtafuta korongo.

MUSA: Sawa, lakini atamwona? Bendera yangu ina upana wa milimita 15 na kimo cha milimita 10. Mistari sita, kila mmoja haufiki milimita mbili. Lile duara jeupe la katikati ni kama milimita nne. Ndani ya milimita nne kuna ndege mwenye taji, shingo, mkia mwekundu na mguu ulioinuliwa. Kijana alichapisha mara ya kwanza, mguu ukapotea. Akaunenepesha kidogo kwenye kompyuta, ukarudi.

ZUBEDA: Niletee hapa kwenye mwanga. Ahaa. Kweli upo. Umekaa kama unywele wa kope.

MUSA: Mtu aliyekaa mbali hatauona.

ZUBEDA: Mimi nitauona. Na duara jeupe mmelipataje? Mashine za kawaida hazina wino mweupe.

MUSA: Swali zuri, na hapo wengi wanaharibu. Karatasi ya stika ni za aina mbili, ya uwazi na nyeupe. Ukichapisha bendera kwenye ya uwazi halafu ukaiweka juu ya rangi nyeusi au ya chuma, njano inakuwa kama maji ya matope na duara linapotea. Bendera nimechapisha kwenye nyeupe, nikaikata pembeni kabisa kwa wembe mpya. Herufi nyeusi zinazokaa juu ya mwili mweupe ndizo nimezichapisha kwenye ya uwazi.

ZUBEDA: Na kabla ya kutia majini?

MUSA: Unapulizia vanishi mara mbili tatu, kila mara unaacha ikauke. Wino wa mashine ya nyumbani ukikutana na maji bila vanishi unatiririka wote. Kisha maji ya uvuguvugu, subiri iteleze yenyewe. Usiivute.

ZUBEDA: Lakini bado hujaniambia umechagua korongo gani upande wa kulia.

MUSA: Wa kutazama mbele. Umenishawishi. Kuna jambo moja tu linanisumbua: kama ndege yenyewe, ile halisi, fundi aliipaka tofauti siku hizo? Picha ninazo za ubavu wa kushoto tu. Wapiga picha wote walisimama upande mmoja.

ZUBEDA: Ubavu wa kushoto ndio wenye mlango wa abiria. Hata baba, aliyekuwa akizihudumia pale Entebbe, alikuwa na picha moja, naye kasimama kushoto, na ovaroli yake. Kuna msikilizaji ana picha ya ubavu wa kulia mahali, kwenye albamu ya mzee wake. Tafadhali itafuteni.

MUSA: Tafadhali sana. Jamani, dakika ngapi zimekwenda?

ZUBEDA: Zimekwenda. Ingia kwenye mistari.

MUSA: Mistari ya viungo. Ukitoa mwili wa ndege kwenye boksi unakuta michoro imechimbwa kuonyesha mahali mabati yanapokutana. Nimeipima yangu, ina upana wa robo milimita. Zidisha kwa 72, unapata milimita 18. Kwenye ndege halisi kidole gumba kingeingia hapo, na hewa ya abiria ingetoka yote! Kwa hiyo nimejaza mwili mzima kwa puti, nikasugua kwa msasa wa maji, nikabakiza milango na visukani vya mabawa na mkia, maana hivyo kweli vinafunguka na kusogea.

ZUBEDA: Kwenye mwili nakubali.

MUSA: Na jambo la pili, umbali. Ukiitazama modeli kutoka sentimita 30, ni sawa na kusimama mita 21.6 kutoka kwenye ndege yenyewe. Huoni viungo, huoni ribiti zinazoshika mabati. Unaona umbo na mng'ao. Ndiyo maana yangu itakuwa safi. Nyeupe iliyopigwa polishi, na chuma kinachong'aa.

ZUBEDA: Hapo hapana, Musa.

MUSA: Nilijua.

ZUBEDA: Hapana kabisa. Injini za 707 zilitoa moshi mweusi, kila aliyekuwa Entebbe miaka ile anaujua. Baba alirudi nyumbani na masizi kwenye mikunjo ya shingo. Mama alifua ovaroli ile na maji yakawa meusi beseni zima. Halafu wewe unaniwekea ndege kama sahani ya harusi? Nyuma ya kila injini chuma kilibadilika rangi. Chini ya mabawa kulikuwa na grisi iliyovutwa na upepo kwenda nyuma. Ile ndege ilifanya kazi.

MUSA: Ilifanya kazi na ilioshwa. Baba yako mwenyewe umewahi kutuambia walikuwa wanaiosha.

ZUBEDA: Walioosha wanajua inachafuka saa ngapi. Jioni ileile.

MUSA: Lakini dada, ukipaka uchafu kwa kipimo hiki unazidisha. Tone moja la rangi nyeusi kwenye modeli ni doa la ukubwa wa sufuria kwenye ndege halisi. Nimeona modeli nyingi zilizochafuliwa mpaka zinafanana na matatu ya kijijini. Na hii ni ndege iliyobeba jina la nchi. Nataka mwanangu aione kama ilivyokuwa siku ya kwanza.

ZUBEDA: Siku ya kwanza ilikuwa moja. Siku nyingine zote ilikuwa na moshi. Unamwonyesha mtoto ndege ambayo hakuna mtu aliyeisukuma, aliyeijaza mafuta, aliyelala chini ya tumbo lake. Sisemi umwage lami. Chaki nyeusi ya kusaga, brashi laini, kidogo nyuma ya injini, kidogo chini ya bawa.

MUSA: Sitaweka.

ZUBEDA: Basi usiite halisi. Iite nzuri.

MUSA: Ni halisi na ni safi. Vyote viwili vinawezekana.

ZUBEDA: Kwa 707 haviwezekani.

MUSA: Hapa hatutasogea leo.

ZUBEDA: Wala wiki ijayo. Saa yetu imekwisha, injini sema haraka.

MUSA: Haraka basi. Usizifanye injini nne kuwa pacha. Zinahesabiwa kutoka kushoto, ukiwa umekaa kwenye kiti cha rubani. Kwenye 707-320C, namba 2 na 3 zina uvimbe wenye mdomo mdogo juu ya mdomo mkubwa, ni kompresa za hewa ya abiria. Namba 1 haina. Namba 4 inategemea ndege, tafuta picha. Seti nyingi zinakupa nne zinazofanana, kwa hiyo ile ya namba 1 kata uvimbe, jaza puti, sugua.

ZUBEDA: Na bawa?

MUSA: Bawa lisiwe rangi moja. Sehemu ya katikati ina rangi ya kijivu ya kuzuia kutu, kingo za mbele na nyuma ni chuma kitupu. Madirisha sijayagusa hata kidogo, na nilikuwa na mengi.

ZUBEDA: Madirisha yasubiri. Ila kuna anayeunganisha mwili wiki hii, mwambie la uzito kabla hajafunga gundi.

MUSA: Ndiyo, hilo ni la lazima. Mabawa yamelala nyuma, kwa hiyo bila uzito ndege itakalia mkia. Nunua risasi za nyavu kwa wavuvi, pale Kigungu au Ggaba zipo. Zibandike mbele kabisa, chini ya chumba cha marubani, kisha shikanisha mwili kwa utepe bila gundi na uisimamishe kwenye magurudumu yake ya nyuma. Ikiangukia pua, funga. Ikikaa mkia, ongeza.

ZUBEDA: Ongeza zaidi ya unavyodhani, maana puti na rangi ya mkia bado hujaviweka.