Pampu ya Petroli Iliyopotelewa na Viungo Vyake

BI SALMA: Assalamu alaykum wasikilizaji. Mimi ni Salma, nipo pamoja na Maalim Haji, na mazungumzo yetu ya leo yanahusu pampu ya petroli ya mkono, ile ya silinda ya kioo, ambayo kwa miaka mingi imesimama uani kwa jamaa yetu mmoja huko Wete. Silinda yenyewe haipo, mkono wa kuvutia haupo, mpira umekatwa na taji la juu limebaki pete tupu. Maalim, mtu akikabidhiwa kitu cha namna hii aanzie wapi?

MAALIM HAJI: Wa alaykumu ssalaam, Bi Salma. Aanze kwa kuelewa ilivyokuwa ikifanya kazi. Muuzaji alivuta mkono mbele na nyuma, petroli ikapanda kutoka kwenye tangi la chini ya ardhi hadi ndani ya silinda iliyotiwa alama za galoni, na mnunuzi akajionea kwa macho yake kiasi anachopimiwa; kisha vali ikafunguliwa, na petroli ikateremka kwa uzito wake wenyewe kupitia mpira hadi garini. Pampu hizi zilienea sana katika miaka ya 1920. Anayeyajua hayo hatazami tena tundu la bolti kama tundu tu, bali huuliza hapa palishikizwa nini.

BI SALMA: Hata kibao cha jina kimeng'olewa. Tutajuaje kama imetoka Uingereza au Marekani?

MAALIM HAJI: Bolti zitasema. Chukua bolti ya nusu inchi, uisafishe vizuri kwa mafuta ya taa na brashi, kisha uhesabu meno yake katika urefu wa inchi moja. Ya Kiingereza ya zamani, iitwayo Whitworth, ina meno 12, na ya Kimarekani ina 13. Usijaribu kwa bolti ya inchi 3/8, kwa kuwa hapo zote mbili zina meno 16; zinatofautiana kwa pembe ya jino tu, nyuzi 55 kwa 60, na jicho halitaligundua hilo.

BI SALMA: Na kama bolti zimeshabadilishwa na mafundi wa hapa?

MAALIM HAJI: Basi tunakwenda kwenye fito iliyobeba alama za galoni, ambayo kwa bahati njema tunayo. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546 na ya Marekani ni lita 3.785. Silinda ikiwa na kipenyo cha ndani cha milimita 300, galoni ya Kiingereza hujaza kimo cha milimita 64 hivi, na ya Kimarekani haifiki 54. Pima nafasi baina ya tundu la alama moja na tundu la alama inayofuata kwenye fito hiyo, kisha upime mfereji uliokaliwa na kioo, nawe utakuwa umejua asili ya pampu na pia ukubwa wa kioo cha kuagiza. Mimi napenda sana hatua hii.

BI SALMA: Tuje kwenye mkono, maana huo hauagiziki kwa urahisi.

MAALIM HAJI: Hauna haja ya kuagizwa. Kwenye mhimili pamebaki mraba uliovaa mkono, na ubavuni mwa pampu kuna mkwaruzo wa upinde uliochorwa na ncha yake; upinde huo unatupa urefu. Seremala achonge kielelezo cha mbao, na fundi wa kumimina shaba akikandamize kwenye mchanga, kisha amimine shaba katika alama kiliyoiacha. Ila kielelezo kizidi kidogo, kwa sababu shaba ya manjano hunywea kwa kiasi cha asilimia moja na nusu inapopoa: ukitaka milimita 200, chonga 203. Visiwani mwetu shaba si ngeni, milango ya Mji Mkongwe ni shahidi.

BI SALMA: Lakini shaba juu ya chuma, na hewa yetu hii ya chumvi?

MAALIM HAJI: Umenena. Zikigusana penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholika, tena kwa kasi. Tuweke washa, yaani pete bapa, ya nailoni baina yao na tupake grisi. Kutu iliyokwishaingia kwenye vipande vidogo vya chuma tutaiondoa kwa umeme wa chaja ya betri ndani ya maji ya magadi ya kufulia, kipande kikifungwa upande hasi na chuma chakavu cha kawaida upande chanya, kazi ikifanywa nje kwa sababu inatoa gesi inayowaka. Chuma cha stenlesi kisitumike hata kidogo, kwani hutoa sumu majini, na vipande vya alumini visitiwe humo, kwani vitaliwa na magadi.

BI SALMA: Na rangi?

MAALIM HAJI: Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi. Msasa uwe wa maji, barakoa ivaliwe, watoto wasikaribie, na rangi isichomwe kwa moto. Kabla ya yote nataka tusugue doa dogo, la ukubwa wa sarafu, tukipunguza taratibu kutoka ukingoni hadi katikati, ili tabaka zote zionekane kama pete. Kwenye mlango wa pampu hii nimeshaona krimu, chini yake kijani, na chini kabisa nyekundu. Doa hilo libaki wazi hata baada ya kupaka rangi mpya.

BI SALMA: Mwenyewe anatamani taji la kioo cheupe lenye umbo la kombe la baharini, alama ya kampuni ya mafuta ya Shell. Mimi namwelewa, lingependeza.

MAALIM HAJI: Lingependeza, lakini hatujaona herufi wala alama ya kampuni yoyote chini ya rangi. Tukiliweka, tutakuwa tumeipa pampu historia ambayo huenda si yake, na atakayeiona baadaye atatuamini. Silinda na mkono vina ushahidi; taji halina.

BI SALMA: Mvua itaingia kwenye ile pete.

MAALIM HAJI: Itafunikwa kwa bati la mviringo lililopakwa rangi, na chini yake tutagonga mwaka wa matengenezo, kama tutakavyogonga kwenye mkono mpya. Kioo kikifika kitakalishwa juu ya mpira laini, na nati za fito zake zikazwe kwa kukabiliana, robo mzunguko kila moja, kwa mkono tu. Petroli haitaingia humo tena.